Walinzi wa Shamba na Ugomvi Wao

Maneno ya mazungumzo kwa wakulima wa Gazi na pwani ya kusini



Mkulima mwenye minazi Gazi, au mahali popote kati ya Diani na Msambweni, hana haja ya kuelezwa hasara ya kidaka kuanguka. Karara imepasuka vizuri, vidaka vimeshika, naye mwenye shamba ahesabu moyoni mwake nazi atakazoangua. Kisha vidaka vyaanza kuanguka kimoja kimoja, na vile vinavyobaki hukua vikiwa na makovu na maumbo yaliyopindika. Wengine husema ni jua, wengine husema ni ardhi iliyochoka, na wengine husema ni jicho la hasidi. Ni kweli kwamba mnazi hujipunguzia vidaka vyake wenyewe, hasa wakati wa kiangazi, na jambo hilo si ugonjwa. Lakini kidaka kilichoanguka kikiwa na alama nyeusi zilizobonyea, na juu yake utomvu uliokauka kama gundi, kina habari nyingine. Kidaka hicho kimefyonzwa na mdudu.

Mazungumzo haya yahusu mdudu huyo na maadui zake, na pia jambo moja ambalo aghalabu husahauliwa. Jambo hilo ni kwamba maadui wa wadudu waharibifu si jeshi moja lenye amiri mmoja. Nao wana ugomvi wao wenyewe kwa wenyewe. Wako wanaosaidiana, wako wanaopishana bila kudhuriana, na wako wanaouana. Mkulima asiyeujua ugomvi huo aweza kumfukuza rafiki yake kwa mkono wake mwenyewe, akamkaribisha asiyemfaa, kisha akashangaa kwa nini mavuno yamepungua.

KUNGUNI WA MNAZI

Zamani sababu ya vidaka kutoka utomvu na kuanguka haikujulikana vyema. Aliyeigundua ni mtaalamu wa wadudu Mwingereza, Bwana M. J. Way, aliyefanya kazi Unguja. Mwaka 1951 alitangaza kwamba mharibifu ni kunguni mmoja akaaye kileleni mwa mnazi. Mwaka 1955 mtaalamu mwingine, Bwana E. S. Brown, alimpa kunguni huyo jina la kitaalamu, Pseudotheraptus wayi, na neno la pili la jina hilo ni ukumbusho wa Bwana Way. Kunguni huyo yuko Unguja na Pemba, yuko pwani ya Tanzania, na yuko pwani ya Kenya.

Si kunguni wa kitandani. Ni mdudu mwembamba wa rangi ya kahawia, mwenye mabawa na miguu mirefu, na urefu wake wapita sentimita moja kidogo. Yeye na watoto wake huchoma maua na vidaka kwa mdomo wao mfano wa sindano, na mate yao yana sumu iuayo nyama ya kidaka mahali palipochomwa. Kidaka kikiwa kichanga sana huanguka. Kikiwa kimekwisha kukua kidogo huweza kubaki juu, lakini huwa na makovu, na nazi itokayo huwa ndogo au yenye umbo baya.

Tabia moja ya kunguni huyu yapasa kukumbukwa. Hahitaji kuwa wengi ili kuleta hasara. Kunguni wachache tu katika mnazi mmoja wanatosha kuharibu vidaka vingi, kwa kuwa kila mmoja huchoma hapa, akahamia pale, akachoma tena. Kwa sababu hiyo mkwezi aweza kupanda na kushuka mara nyingi asimwone hata mmoja, na mwenye shamba akasadiki kwamba mdudu hayupo. Tena kunguni huyu hali mnazi peke yake. Huishi pia katika mikorosho, miembe na mipera, kwa hiyo kumfukuza katika mti mmoja si kumfukuza katika shamba.

MAJI MOTO, WALINZI WA KILELENI

Bwana Way alipokuwa akiichunguza minazi ya Unguja aliona jambo jingine. Iliyokuwa ikizaa vizuri ni ile iliyokaliwa na chungu wekundu wanaoitwa maji moto. Mahali ambapo maji moto hawakuwapo, au walipokuwa wamefukuzwa, vidaka vilianguka.

Hakuna mtoto wa pwani asiyewajua maji moto. Jina lao lenyewe latangaza kazi yao, maana akuumaye humwagia jeraha asidi yake, na mtu huhisi kana kwamba ametiwa maji ya moto. Hawachimbi shimo ardhini. Hujenga juu ya miti kwa kuvuta majani na kuyakutanisha, kisha hushika watoto wao kwa meno na kuwapitisha huku na huku, na uzi utokao kwa watoto hao hushona majani pamoja. Kundi moja huwa na viota vingi katika miti mingi, lakini kwa kawaida malkia ni mmoja tu, naye hukaa katika kiota kimojawapo. Mchana kutwa askari hutembea juu ya makuti na makole, na mdudu yeyote wamkutaye humkamata, wakamvuta kwa miguu yote, wakampeleka kiotani kuwa chakula. Kunguni wa mnazi huuawa au hufukuzwa, asipate nafasi ya kuzaa.

Kuwatumia chungu wa namna hii si jambo geni duniani. Katika Uchina ya kusini kuna maandishi ya tangu karibu mwaka 304 yaelezayo jinsi watu walivyouza sokoni viota vya chungu wa jamii hiyo, ili wakulima waviweke katika michungwa yao. Mchungwa uliokosa chungu, yasema maandishi hayo, matunda yake yaliharibiwa na wadudu. Baadaye wakulima wa huko walitandaza vipande vya mianzi kutoka mti hata mti, kama madaraja, ili walinzi wao wapite bila kushuka chini. Sababu ya kuwaepusha na ardhi itafahamika katika maneno yanayofuata.

FAHALI WAWILI

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Bwana Way aliona kwamba maji moto hawakosekani ovyo ovyo. Pale walipokosekana palikuwa na chungu wengine walioitwaa nchi. Mwaka 1953 alichapa habari za uadui huo, naye alionyesha kwamba ugomvi wa chungu kwa chungu ndio unaoamua kama mnazi utazaa au hautazaa.

Adui mkubwa wa maji moto katika mashamba mengi ni sisimizi mdogo wa rangi ya kahawia, akaaye ardhini, ambaye baadhi ya askari wake wana vichwa vikubwa kupita miili yao. Wataalamu humwita Pheidole megacephala. Mtu akimtazama mmoja mmoja hamwogopi, kwani ukimlinganisha na maji moto yeye ni mdogo sana. Lakini nguvu yake ni wingi. Makundi yake yana malkia wengi, mashimo yake yaenea chini ya shamba zima, na askari wakifa mia huja mia nyingine. Maji moto wakishuka chini kwenda mti wa pili, sisimizi huwazingira na kuwaua. Kisha sisimizi hupanda shina la mnazi, na hapo maji moto hushindwa hatua kwa hatua mpaka waache mti.

Labda mtu atasema: sisimizi naye si mla wadudu? Kwa nini asifanye kazi ile ile? Kweli, sisimizi ni mla wadudu, na katika mambo mengine aweza kuleta faida. Lakini hamwezi kunguni wa mnazi. Hatembei kileleni kwa wingi na kwa ukali kama maji moto. Basi mnazi uliotekwa na sisimizi ni kama nyumba iliyofukuza mlinzi mkali ikamwajiri mlinzi alalaye. Mlangoni yuko mtu, lakini mwizi aingia.

Kuna chungu wengine pia wa ardhini, warefu wa miguu na wepesi wa kukimbia, wa jamii ya Anoplolepis, ambao nao hupigana na maji moto, hasa mahali penye mchanga mtupu uliopigwa na jua. Mwenye minazi ya ufukweni hana budi kulikumbuka hilo.

Husemwa kwamba wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Hapa wapiganao ni chungu, na kiumiacho ni kidaka.

MKONO WA MKULIMA KATIKA VITA HIVYO

Vita vya chungu vyaweza kuonekana kuwa jambo la Mungu lisilo na mkono wa mwanadamu. Sivyo. Kazi za kila siku za shamba humsaidia mmoja na kumdhoofisha mwingine, ijapokuwa mkulima hakukusudia.

Jambo la kwanza ni palizi. Wengi husifu shamba lililolimwa likawa jeupe, lisilo na jani chini ya miti. Katika Tanzania, mtaalamu Z. Seguni, pamoja na P. Van Mele na Bwana Way yule yule, walichunguza ugomvi wa maji moto na sisimizi katika shamba la matunda ya jamii ya machungwa, na habari zake zilichapwa mwaka 2011, yaani miaka 60 tangu ile ya kwanza ya Unguja. Waliona kwamba ardhi ikiachwa tupu sisimizi huwashinda maji moto na kuwaondoa mitini. Majani yakiachwa yaote chini, maji moto huweza kukaa, hata kurudi mahali walipokuwa wamefukuzwa. Sisimizi wapatao chakula na makao katika majani ya chini hawana haja kubwa ya kupanda juu.

Maana yake si kwamba shamba liachwe liwe msitu. Mnazi mchanga huhitaji kuondolewa magugu yanayounyang'anya maji, na mwitu mzito ni maficho ya nyoka na panya. Maana yake ni kwamba chini ya minazi mikubwa yafaa majani yafyekwe yawe mafupi, kuliko kuilima ardhi mpaka ibaki uchi.

Jambo la pili ni dawa. Dawa ya kunyunyizia iuayo kunguni humwua maji moto pia, na pengine maji moto kwanza, kwa kuwa yeye hutembea kila mahali. Sisimizi aliye shimoni husalimika. Dawa ikiisha nguvu, kunguni huja tena kutoka katika mwembe au mkorosho wa jirani, na kileleni hakuna tena wa kumzuia. Hapo mkulima hununua dawa mara ya pili, na mara ya tatu, na fedha za nazi huishia dukani.

Jambo la tatu ni panga la mkwezi. Hapa pana haki pande mbili, na yafaa isemwe wazi. Mkwezi apandaye mnazi wenye maji moto huumwa shingoni, machoni na kwapani, naye mikono yake yote miwili imeshika shina na hawezi kujikuna. Si ajabu akitaka nyongeza ya ujira, au akikata makuti yenye viota na kuyatupa chini, au akikataa mnazi huo kabisa. Mwenye shamba naye ajua kwamba mnazi huo ndio umzaliao. Mara nyingi ugomvi wa wawili hao huishia kwa kuangamizwa maji moto. Lililo jema ni kupatana kabla ya kupanda: mkwezi avae nguo za kumfunika, akate lile kuti lililo njiani mwake tu na kuacha viota vingine, na ujira wa mnazi wenye chungu uzidi ule wa mnazi usio nao. Nyongeza hiyo si hasara kwa mwenye shamba, ikiwa nazi zitakazoanguliwa ni nyingi zaidi.

Jambo la nne ni miti iliyo katikati ya minazi. Makuti ya mnazi ni magumu, na maji moto hupenda zaidi majani mapana wawezayo kuyashona. Mwembe, mdimu au mchungwa uliopandwa kati ya minazi huwapa makao, na kutoka hapo huvuka kwenda minazini. Matawi yanapogusana, au kamba ikifungwa kutoka mti hata mti, huvuka juu kwa juu bila kukutana na sisimizi wa ardhini. Hekima ya wale Wachina wa zamani ndiyo hiyo hiyo.

Ipo pia njia ya kumpunguza sisimizi mwenyewe. Unguja palijaribiwa chambo chenye sumu ambacho sisimizi hukibeba mpaka shimoni, na habari zilizochapwa mwaka 1992 zilionyesha kwamba sisimizi walipopungua, maji moto waliongezeka. Lakini chambo cha namna hiyo ni sumu, na haifai kununuliwa wala kutumiwa bila shauri la Bwana Shamba.

RAFIKI WAWILI WASIOPATANA

Mpaka hapa yaweza kudhaniwa kwamba hukumu ni nyepesi, yaani maji moto ni mwema na sisimizi ni mbaya. Embe yaonyesha kwamba mambo si mepesi hivyo.

Mwaka 2003 nzi wa matunda kutoka Asia, anayeitwa Bactrocera dorsalis, alionekana Kenya kwa mara ya kwanza. Nzi huyo hutaga ndani ya embe, na funza wake huliozesha tunda likiwa lingali mtini. Wakulima wa pwani wamjua kwa hasara aliyowatia. Kwa kumpinga, kituo cha utafiti wa wadudu kiitwacho ICIPE, chenye makao yake Nairobi, kilileta kutoka Hawaii nyigu mdogo, Fopius arisanus, ambaye hutafuta mayai ya nzi ndani ya tunda na kutaga yai lake humo. Nzi hafiki kuwa nzi, bali hutoka nyigu.

Wakati huo huo, uchunguzi uliofanywa Benin, katika Afrika ya Magharibi, ulionyesha kwamba miembe yenye maji moto hupata madhara machache ya nzi wa matunda. Maji moto huwakamata nzi, tena harufu wanayoiacha juu ya embe humfukuza nzi asitake kutaga hapo.

Basi wako rafiki wawili juu ya adui mmoja. Mtu angedhani kwamba wakiwekwa pamoja kazi itakwenda maradufu. Lakini utafiti uliochapwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba harufu ile ile imfukuzayo nzi humsumbua na nyigu. Alipokuta embe ambalo maji moto wamelipita, alilikwepa au alitaga mayai machache, na kazi yake ilipungua.

Tena maji moto wana jambo lao jingine. Hupenda utamu utokao kwa wadudu wadogo wafyonzao utomvu, wale wagandao juu ya majani na vijiti kama magamba. Huwachunga kama mtu achungavyo ng'ombe, na huwafukuza wanaotaka kuwala. Bwana Way aliandika habari za uchungaji huo wa Unguja mwaka 1954. Kwa kawaida hasara yake ni ndogo kuliko faida ya ulinzi wao, lakini mkulima mwangalifu hutazama miti yake, asije akaona utamu mweusi umefunika majani naye hajui umetoka wapi.

Kwa hiyo msaidizi ahukumiwe kwa zao lililo mbele, na kwa wasaidizi wengine walio pamoja naye. Kwa mnazi maji moto ni mlinzi mkuu. Kwa mwembe ni mlinzi mzuri pia, lakini ajulikane kwamba humpunguzia kazi nyigu. Wala kwa mahindi mtu asimtegemee. Huko wako walinzi wengine.

NYIGU WAWILI WA MAHINDI

Habari ya mahindi yafaa kusimuliwa kwa watu wa Gazi, kwa sababu sehemu yake ilifanyika karibu nao. Muhaka, katika Kwale hiyo hiyo, ICIPE walikuwa na kituo chao cha mashambani, na huko funza wa mabua ya mahindi na maadui zao walichunguzwa kwa miaka mingi.

Funza wa mabua si wa namna moja. Wako wa asili ya Afrika, na yuko mgeni aliyetoka Asia, Chilo partellus. Mgeni huyo alionekana Malawi karibu mwaka 1930, na tangu miaka ya 1950 ameenea Afrika Mashariki. Katika nchi za joto za pwani alizidi wenyeji wake kwa wingi. Palikuwapo tangu zamani nyigu mdogo wa Kiafrika, Cotesia sesamiae, aliyekuwa akiwashambulia funza, lakini juu ya mgeni huyu kazi yake haikutosha.

Basi wataalamu walikwenda kutafuta adui wa mgeni huko huko Asia alikotoka. Mwaka 1991 walileta kutoka Pakistan nyigu aitwaye Cotesia flavipes, ambaye ni mdogo kama punje ya mchele iliyovunjika. Nyigu jike huingia katika tundu la funza ndani ya bua, humchoma, na humtia mayai 30 au 40. Watoto wake hula ndani ya funza, na baadaye hutoka na kujifungia katika vifuko vyeupe vilivyoshikana. Funza hufa. Mwaka 1993, baada ya kuchunguzwa katika kifungo, nyigu hao waliachiliwa katika mahali patatu pa pwani ya Kenya.

Hapo palikuwa na swali zito. Je, mgeni huyu hatamfukuza nyigu mwenyeji, kama sisimizi amfukuzavyo maji moto? Wawili hao ni wa jamii moja, na chakula chao ni kile kile. Jambo hilo lilipimwa. Ilionekana kwamba wakiingia wote wawili ndani ya Chilo, mgeni wa Asia ndiye ashindaye mara nyingi, bali ndani ya Sesamia, ambaye ni funza wa Kiafrika, mwenyeji ndiye ashindaye. Na mmoja akitangulia sana kutaga, aliyetangulia ndiye apataye. Kila mmoja ana nyumba yake awezayo kuitetea.

Matokeo hayakuonekana upesi. Kwa miaka minne hivi nyigu wa Pakistan walikuwa haba, na mwenye haraka angesema kwamba kazi imepotea. Tangu mwaka 1997 wakaanza kuongezeka sana. Hesabu iliyotolewa mwaka 2001 ilionyesha kwamba funza katika mahindi ya pwani walikuwa wamepungua kwa kiasi cha thuluthi moja hata kupita nusu. Mkulima wa pwani hakununua nyigu hao kwa hata shilingi moja, wala hakuwanyunyizia kwa bomba.

Lakini nyigu huyo huyo si dawa ya kila mahali. Katika nchi za juu, zenye baridi, funza mkuu wa mahindi ni Busseola fusca, na damu ya funza huyo huyafunika na kuyaua mayai ya Cotesia flavipes. Hata nyigu mwenyeji, Cotesia sesamiae, akichukuliwa wa pwani hashindi ndani ya funza huyo, ilhali wa jina lile lile waliotoka Kitale hushinda. Ndiyo maana mtu asichukue mdudu kutoka wilaya moja na kumpeleka nyingine kwa kusikia tu kwamba huko amefaa.

YAFAAYO KUFANYWA

Mwenye minazi na aanze kwa kutazama. Aokote vidaka vilivyoanguka, atazame kama vina kovu lililobonyea na utomvu mkavu. Kisha aende mti kwa mti, ahesabu ile yenye viota vya maji moto na ile isiyo navyo, na alinganishe nazi zao. Hesabu hiyo ya shamba lake mwenyewe itamfundisha kuliko maneno ya mtu yeyote. Atazame pia chini ya mashina, aone kama njia za sisimizi zinapanda juu.

Pale maji moto walipo, wasiangamizwe, na dawa isinyunyizwe bila shauri. Pale walipo wachache, miti iunganishwe kwa matawi au kwa kamba, na majani ya chini yafyekwe badala ya kulimwa. Atakaye kuhamisha viota kutoka mti mmoja kwenda mwingine ajue mambo mawili. Kwanza, viota visivyo na malkia havidumu. Pili, makundi mawili ya maji moto yasiyo ya malkia mmoja hupigana mpaka kufa, maana hata ndugu wa jina moja wana mipaka yao. Na pale sisimizi walipojaa, kuwapandisha maji moto bila kumpunguza sisimizi kwanza ni kuwapeleka machinjoni.

Tena mtu asiwaombe maji moto kazi isiyo yao. Chonga, yule mbawakawa mwenye pembe atoboaye moyo wa mnazi, huzaliana katika magogo na samadi iliyooza. Dawa yake ni kuondoa magogo ya minazi iliyokufa, na kumtoa chonga katika tundu lake kwa waya.

Mwisho ni neno la ujirani. Kundi moja la maji moto huweza kukaa katika miti mingi, na chungu hawajui mpaka wa shamba la huyu na la yule. Malkia aweza kuwa katika mwembe wa jirani, na askari wake wakalinda minazi ya mwenzake. Jirani akiukata mwembe huo au akiunyunyizia dawa, hasara yaingia shamba la pili, na mwenye shamba hilo hatajua imetoka wapi. Kwa hiyo shauri la chungu si la mtu mmoja. Lizungumzwe barazani pamoja na wakwezi, na Bwana Shamba akaribishwe, ili watu wa mtaa mmoja wapatane ni miti gani itakayoachwa kuwa makao ya walinzi wao, na ni dawa gani isiyotakiwa kati yao.